Amana Isiyogawanyika: Wajibu wa Kumlinda Anayeteswa Nyumbani

Ukatili wa majumbani ni dhara ambalo kwa kawaida hujulikana na watu wengi kabla halijaua wala kulemaza. Jirani amesikia kelele usiku, shemeji ameamua ugomvi mara mbili tatu, mganga wa zahanati ameshona jeraha, mtendaji wa kijiji ameandika maelezo, mchungaji au shehe ameombwa ushauri. Mara nyingi kinachokosekana si habari, bali mtu wa kuikusanya habari hiyo na kuifanyia kazi kabla ya maafa. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo kwa nje linaonekana la kiutawala, lakini kwa undani wake ni la dini na falsafa ya maadili: wajibu wa kumlinda mtu mmoja unapowekwa mikononi mwa taasisi nyingi, unabaki kuwa wa nani?

Mkoa wa Mara nchini Tanzania unafaa sana kulichunguzia swali hili, kwa sababu taasisi huko si haba. Katika vijiji vya Kabasa na jirani zake, kuanzia Musoma hadi Bunda na Butiama, kuna mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, kuna zahanati, kuna afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna waendesha mashtaka, Mahakama ya Mwanzo, baraza la usuluhishi wa ndoa, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Taasisi za dini nazo zina mizizi mirefu: Wamennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934, Kanisa Katoliki lina majimbo ya Musoma na Bunda, na kuna Waanglikana, Walutheri, Wasabato na Waislamu. Kabla ya hizo zote wapo wazee wa ukoo, wawe wa Wazanaki, Wajita, Waikizu, Wakabwa, Wakurya au Waluo. Kwao ndiko shauri la ndoa hufika kwanza. Tafiti za afya nchini zimeonyesha tena na tena kwamba mwanamke anayepigwa humwendea ndugu kabla ya mtu mwingine yeyote, na wachache tu ndio hufika polisi.

Njia anayopita mwanamke wa namna hiyo inalionyesha tatizo kwa karibu. Anafika zahanati mkono umevimba. Anataja jina la baba yake, na katika MTUHA, daftari la taarifa za zahanati, anaandikiwa jeraha la mkono tu, kwa sababu amesema aliteleza kisimani, naye mume wake amesimama mlangoni akimsubiri. Safari ya pili ameumia zaidi, anaambiwa alete PF3, fomu ya polisi. Ile ni karatasi ambayo sehemu yake hujazwa kituoni na sehemu nyingine hujazwa na daktari, na mwanamke huifunga kwenye pindo la kanga akaenda nayo kwa bodaboda, akipata nauli. Kituoni anapewa RB, namba ya taarifa yake polisi, safari hii kwa jina la mume. Kwa mtendaji anajulikana kama mama wa mtoto wake wa kwanza. Kanisani yupo kwa jina la ubatizo. Hakuna aliyedanganya katika kuandika, na kila karani amefanya alivyofundishwa. Lakini daftari hizo zikiwekwa mezani pamoja, mambo yaliyoonekana madogo yanageuka mfululizo unaoelekea pabaya. Zikibaki kila moja kabatini mwake, kila ofisa atasema kwa haki kabisa kwamba yeye aliona tukio moja tu.

Wanafalsafa wa siasa wamelipa jambo hili jina la tatizo la mikono mingi. Dennis Thompson aliliandikia mwaka 1980. Matokeo mabaya yanapotokana na kazi ya watu wengi, lawama inakosa pa kutua, kwa kuwa kila mmoja alichangia kidogo na hakuna aliyetenda yote. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walikuwa wameonyesha jambo la jirani yake kwa majaribio waliyoyachapisha mwaka 1968: mtu aliye peke yake huenda kumsaidia mwenye shida upesi zaidi kuliko anayejua kwamba wengine nao wanasikia. Kuongeza ofisi, basi, si lazima kuongeze ulinzi. Kunaweza kuupunguza, ikiwa kila ofisi mpya inazipa za zamani sababu ya kudhani kwamba kazi imeshashikwa na mwingine.

Fikra potofu iliyo chini ya hali hiyo ni kwamba wajibu hugawanyika kama nyama ya mnada: watu wakiwa kumi, kila mmoja anachukua fungu lake na kuondoka. Wajibu wa kumwokoa mtu hauko hivyo. Anayeipata habari kwanza anaubeba wote, na anaendelea kuubeba wote mpaka mwingine aupokee kwa kujua kwamba ameupokea. Dini zenye waumini wengi Mara zinalifundisha hili kwa namna zake, ingawa mafundisho hayo hayajatumiwa vya kutosha katika suala la nyumba zenye kipigo.

Katika Uislamu kuna dhana ya amana. Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zifikishwe kwa wanaostahiki. Wanazuoni wa fikihi waliichambua kwa makini: aliyewekewa amana halipi ikipotea bila kosa lake, lakini analipa akizembea, na akimkabidhi mtu mwingine bila idhini wala dharura, jukumu linabaki shingoni mwake. Habari ya mtu anayeteswa ikitazamwa kama amana, mambo kadhaa yanakuwa wazi. Habari hiyo si mali ya ofisi iliyoipokea. Mwenye nayo ni mwanamke aliyeisema, naye ndiye wa kuulizwa kwanza ipelekwe wapi. Kuifungia kabatini ni uzembe, hata kama imeandikwa kwa mwandiko safi. Na kumwambia mtu aende polisi, kisha kusahau, hakumtoi msemaji katika jukumu, kwa sababu amana haijafika.

Injili ya Luka, sura ya 10, ina hadithi ya Msamaria ambayo kila Mkristo wa Mara ameisikia tangu utotoni. Waliopita kando ya majeruhi walikuwa kuhani na Mlawi, watu wa hekalu, na wahubiri hulikazia hilo kwa haki. Lakini kuna mtu mwingine katika hadithi hiyo ambaye mahubiri humpita haraka mno, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakuwa tabibu wala hakuwa na nafasi ya kukaa. Alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamkabidhi kwa mtu mwenye mahali na uwezo wa kumtunza, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Huruma yake ingeishia barabarani kama hakungekuwa na mlango uliofunguliwa usiku ule. Kwa maneno ya maofisa wa siku hizi, alitoa rufaa. Lakini ilikuwa rufaa iliyosindikizwa, iliyogharimiwa, na yenye ahadi ya kurudi kuuliza. Rufaa nyingi zinazotolewa leo kati ya zahanati, polisi na ustawi wa jamii hazina hata moja ya sifa hizo tatu.

Dhidi ya hoja hii husimama vipingamizi vitatu, na vyote vina uzito kwa sababu vinatoka katika mambo ambayo jamii inayathamini.

Cha kwanza ni heshima ya nyumba. Methali ya kuchukua jembe ukalime ndugu wanapogombana imewazuia majirani wengi wasivuke kizingiti. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume wakikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Katika nyumba ambako mahari ya ng'ombe imetolewa, wazazi wa mke nao hufunga mdomo, kwani ndoa ikivunjika huenda wakadaiwa mifugo ambayo imeshaozesha kaka zake. Hata hivyo sheria ilikwisha kulitolea neno jambo hili zamani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Na aliyeiongoza nchi sheria hiyo ilipotungwa alikuwa mwana wa Butiama. Julius Nyerere alikulia katika boma la mtemi Nyerere Burito, baba mwenye wake 22, na mwaka 1944, akiwa Makerere, alipata tuzo kwa insha iliyozitumia hoja za John Stuart Mill kuitazama hali ya wanawake wa Kizanaki. Katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini alikiri wazi kwamba jamii ya jadi aliyoisifu ilikuwa na kasoro mbili, umaskini na nafasi duni ya wanawake. Anayedai kwamba kuingilia nyumba yenye kipigo ni kuleta ugeni Mara, ajue kwamba hoja hiyo ilishapingwa na mzaliwa wa hapo hapo.

Kipingamizi cha pili, ambacho ni kizito kuliko vingine, ni suluhu. Kila taasisi iliyotajwa inaipenda suluhu. Baraza la usuluhishi limewekwa na Sheria ya Ndoa ili ndoa isivunjwe kwa haraka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza upatanishi katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi. Wazee humtoza mume mbuzi, wakala, wakawasihi wawili hao warudi nyumbani. Mchungaji huhubiri msamaha. Kurani yenyewe, katika An-Nisaa aya ya 35, inaagiza apelekwe mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwingine kutoka kwa watu wa mke. Haya yote ni mema pale wagombanao wanapoweza kusema bila woga. Lakini penye kipigo cha mara kwa mara hakuna ugomvi wa pande mbili. Kuna mmoja anayetisha na mwingine anayetishika, na maneno ya mwenye kutishika mbele ya mwenye kumtisha hayana uhuru wowote. Akisema amesamehe, huenda anachosema ni kwamba ataelekea nyumba ileile jua likizama. Suluhu ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa suluhu, kwa sababu inafunga jalada. Polisi wanaliona shauri limekwisha kwa wazee, wazee wanaliona limekwisha kanisani, na kanisa linaliona limekwisha kwa sala.

Maandiko yenyewe hayadai hivyo. Aya ya waamuzi wawili imefungamana na nia ya kutengeneza. Aya inayoitangulia imekuwa uwanja wa mjadala mrefu wa wafasiri, lakini Sahihi Muslim inapokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Sheria za Kanisa Katoliki, katika kanuni ya 1153, zinampa mwenzi haki ya kutengana na yule anayemhatarisha yeye au watoto, roho au mwili, na panapokuwa na hatari ya kuchelewa anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko alirudia mwaka 2016, katika wosia wa kitume wa Amoris Laetitia, kwamba kutengana kunaweza kuwa lazima kimaadili ili kumwokoa mnyonge. Padri anayemrudisha mwanamke kwa mume mpigaji kwa hoja kwamba ndoa haivunjiki amechanganya mambo mawili: kifungo cha ndoa na wajibu wa kulala chini ya paa moja. Usalama kwanza, upatanishi baadaye, na kama usalama haupo upatanishi hauna pa kuanzia. Taasisi za Mara zikikubaliana juu ya utaratibu huo mmoja tu, faida yake itakuwa kubwa kuliko ya semina nyingi.

Kipingamizi cha tatu ni siri. Padri hawezi kutoboa alichokisikia katika kitubio. Kanuni ya 983 haina mlango wa nyuma. Daktari ana kiapo chake. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba yasemwayo barazani ni amana isipokuwa mambo matatu, mojawapo likiwa kumwaga damu isiyo halali. Wanazuoni wameijadili nguvu ya sanadi yake, lakini maana yake inakubaliana na misingi mingine ya sheria. Hofu ya siri kuvuja si ya kubeza. Katika kijiji kidogo mtendaji anaweza kuwa binamu wa mume, na neno lililosemwa ofisini asubuhi likafika kilabuni kabla ya jioni. Ushirikiano usio na siri humwua yule unayedai kumlinda. Kwa hiyo jibu si kusema kila kitu kwa kila mtu, wala si kunyamaza. Kitubio kibaki kitubio, lakini mazungumzo ya ushauri ofisini kwa padri si kitubio, na hapo anaweza kumwomba mwanamke ruhusa ya kumpigia simu afisa ustawi wa jamii akiwa bado ameketi pale. Mji wa Cardiff huko Uingereza ulianzisha mwaka 2003 vikao ambamo polisi, hospitali, ustawi na watetezi wa waathirika hukutana kuwajadili wale tu walio katika hatari kubwa zaidi. Hutoa habari zile tu zinazohitajika kwa ulinzi, mhusika husemewa na mtetezi wake, na mtuhumiwa hajulishwi. Utaratibu huo ulienea Uingereza. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila anayetoka kikaoni anatoka na kazi yenye jina lake.

Tanzania haikukaa bila kufanya kitu. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kwa jina la MTAKUWWA, ulianza mwaka wa fedha 2017/18 kwa kuunganisha mipango minane iliyokuwa ikitekelezwa kila mmoja kivyake, ukilenga kupunguza ukatili kwa nusu ifikapo 2021/22. Awamu ya pili ilizinduliwa mwaka 2024. Mpango huo unaunda kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa hadi kijiji, na viongozi wa dini wana nafasi ndani yake. Zanzibar, vituo vya Mkono kwa Mkono vimeweka daktari, polisi na mshauri chini ya paa moja, ili mwathirika asisimulie aibu yake mara tano. Kasoro iliyobaki ni ya muda na ya mtu: kamati inayokutana kwa ratiba haimfikii anayetishiwa usiku huu, na kikao chenye wajumbe wengi kisicho na msimamizi wa shauri moja moja kinarudi kulekule kwenye mikono mingi.

Mara yenyewe ina mfano wa kazi iliyofungwa vizuri zaidi, nao umetoka katika vita dhidi ya ukeketaji. Nyumba salama za Mugumu na Butiama, zilizo chini ya shirika la Hope for Girls and Women linaloongozwa na Rhobi Samwelly, na kituo cha Masanga wilayani Tarime kinachohusiana na Kanisa Katoliki, huwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa au kuozwa, hasa msimu wa likizo ya Desemba. Msichana hafikishwi pale akaachwa. Dawati la polisi linajulishwa, ustawi wa jamii unahusishwa, wazazi wanakutanishwa na watoto wao, na binti harudi kwao mpaka wazazi wameahidi kutomkeketa. Baada ya hapo nyumba salama inaendelea kufuatilia. Ahadi ya Msamaria ya kurudi kuuliza inatimizwa hapo. Mwanamke mzima anayepigwa na mumewe hana mlango kama huo wa kutosha, na hakuna sababu ya kimaadili inayoeleza kwa nini msichana wa miaka 13 alindwe kwa utaratibu huu na mama yake asilindwe.

Mambo ya kurekebisha hayahitaji fedha nyingi. Mwathirika aandikwe kwa jina moja na namba moja katika daftari zote, kwa ridhaa yake. Anayemtuma mahali apige simu kuhakikisha amefika, na aandike jina la aliyempokea. Mpaka hapo shauri ni lake. Kamati ya kijiji iwe na mtu wa kuitisha kikao cha dharura ndani ya siku moja. Na mwanamke anapouawa nyumbani, taasisi zote zilizokuwa zikijua kitu ziketi na kutazama kila moja ilijua nini na lini, kama Uingereza inavyowajibisha mamlaka zake tangu mwaka 2011. Lengo la kikao hicho liwe kuziba pengo kabla ya mwingine kupita humo, wala si kutafuta wa kufukuzwa kazi. Uganda ilitunga sheria mahususi ya ukatili wa majumbani mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015, na zote zinaruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi kabla ya kesi kusikilizwa. Tanzania Bara bado inategemea Sheria ya Ndoa, Kanuni ya Adhabu na busara ya ofisa aliyepo zamu. Bunge lina deni hapo.

Viongozi wa dini wa Musoma, Bunda na Butiama hawana haja ya kulisubiri Bunge. Wana viti katika kamati za ulinzi za vijiji vyao, wana vipaza sauti kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na huaminiwa na wanawake wengi ambao hawatafika polisi. Waende kwenye vikao hivyo, na kila anayewajia na habari ya kipigo wamsindikize mpaka mwingine ampokee.